Picha Zitembeazo na Skuli za Mpanda

Mwaka 1935, huko Vugiri katika milima ya Usambara, uliasisiwa mradi wa Bantu Educational Kinema Experiment, ambao hadi 1937 ulitengeneza filamu za mafunzo ya kilimo na afya na kuzizungusha kwa lori vijijini. Na taarikhi ya kufundisha kwa picha zitembeazo katika nchi yetu haina budi kuanzia hapo, ijapokuwa hukumu ya nini kionyeshwe ilibaki mikononi mwa Wazungu, jambo linalonihuzunisha mpaka leo.

Mpanda zama hizo haikuwa na reli. Ile itokayo Kaliua iliwasili mnamo 1950, nayo ilifuata madini ya risasi, wala si ilimu. Na hata Katavi, ambamo Mpanda imo, ilipofanywa mkoa mwaka 2012, umeme wake ulikuwa wa majenereta ya dizeli. Si ajabu, basi, kwamba Ubongo Kids, katuni ya hisabati na sayansi iliyoanza kurushwa 2014, ilitengenezwa Dar es Salaam.

Lakini asili ya fani hii ya katuni haitaki umeme. Mwanafunzi akichora ndege pembeni mwa kila karatasi ya daftari, bawa likishuka kidogo kidogo, kisha akaziachia kurasa zipite upesi chini ya kidole gumba, ndege yule huruka. Sinema hutaka picha 24 kwa sekunde, yaani 1,440 kwa dakika. Kompyuta hupunguza usulubu huo, nami naiona ni dhuluma kijana wa Mpanda aujue usulubu, asipewe wepesi wake.