Sifa za Mwalimu: Lugha ya Kizingiti cha Ualimu Tanzania, kwa Mfano wa Kisiba, Wilaya ya Rungwe

1. Utangulizi

Neno sifa katika Kiswahili lina matumizi mawili yanayokaa pamoja bila ugomvi. Kwanza, sifa ni maneno mema yasemwayo juu ya mtu. Pili, sifa ni masharti ambayo mtu hana budi kuyatimiza ili aruhusiwe kuingia mahali, kufanya mtihani au kushika kazi. Tangazo la nafasi za masomo ya ualimu likiandikwa "sifa za mwombaji", maana ya pili ndiyo inayokusudiwa. Hata hivyo, maana ya kwanza haiondoki kabisa, kwa kuwa aliyeonekana hana sifa hubaki na doa katika macho ya jamii yake, japo kilichopungua ni pointi moja katika hati ya matokeo.

Mhadhara huu unachunguza historia ya masharti hayo nchini Tanzania kwa kuangalia sehemu moja, yaani Kisiba katika wilaya ya Rungwe, ukanda wa Masoko, kusini mashariki mwa mji wa Tukuyu. Ziwa la volkeno lililopo huko huitwa Masoko, na pia Kisiba. Wenyeji ni Wanyakyusa, na lugha ya nyumbani ni Kinyakyusa. Hoja inayotetewa ni hii: kila kipindi kilipoweka kizingiti cha ualimu, kilikiweka pia katika lugha fulani, na mara nyingi lugha ya kizingiti haikuwa lugha ya darasa ambalo mwalimu huyo alitarajiwa kulifundisha.

2. Kabla ya vyeti: umri, ubatizo na kusoma

Katika jamii ya Wanyakyusa mamlaka ya kufunza yalitokana na umri na nafasi ya mtu katika kizazi chake. Monica Wilson, aliyefanya utafiti Unyakyusa pamoja na mumewe Godfrey Wilson katika miaka ya 1930, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1951 namna vijana wa rika moja walivyoishi pamoja katika vijiji vyao, na namna wazee walivyokabidhi madaraka kwa kizazi kipya kwa sherehe maalumu. Huo nao ulikuwa utaratibu wa sifa: ulikuwa na masharti, mashahidi na siku ya kutambuliwa. Haukuwa na karatasi.

Karatasi ililetwa na misheni. Mwaka 1891 Wamoravian walianzisha kituo cha Rungwe, na mwaka huohuo Wamisionari wa Berlin, wakiongozwa na Alexander Merensky, waliingia upande mwingine wa nchi hiyo. Pande zote mbili zilifundisha kwa Kinyakyusa. Mwalimu wa shule ya kijijini alikuwa pia mhubiri, na sharti lake la kwanza lilikuwa ubatizo na mwenendo mwema. Kusoma na kuandika kulifuata. Kwa hiyo kizingiti cha mwanzo cha ualimu katika sehemu hizi kilikuwa katika lugha ya mama. Aliyekwama, alikwama kwa sababu nyingine, si kwa sababu ya lugha.

Wakati huohuo Serikali ya Kijerumani, ambayo boma lake la Neu-Langenburg ndiyo Tukuyu ya leo, ilikuwa ikieneza Kiswahili katika utawala. Shule ya serikali iliyoanzishwa Tanga mwanzoni mwa miaka ya 1890 iliandaa makarani, maakida na walimu kwa lugha hiyo. Hivyo, kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, palikuwa tayari na aina mbili za walimu: wa misheni kwa Kinyakyusa, na wa serikali kwa Kiswahili. Vita vilipowaondoa wamisionari wa Kijerumani, shule zilishikiliwa na walimu Waafrika, chini ya uangalizi wa Waskoti wa Livingstonia, kutoka Nyasaland, hadi Wajerumani waliporudi katikati ya miaka ya 1920.

3. Waingereza na madaraja mawili

Serikali ya Kiingereza ilipotunga sheria ya elimu ya Waafrika mwaka 1927, iliifungamanisha ruzuku na ubora. Shule ya misheni iliyotaka fedha ya serikali ilitakiwa kuwa na walimu wenye vyeti vinavyotambuliwa. Shule ndogo za vijijini, zilizokuwa na mwalimu aliyejua kusoma Kinyakyusa na hesabu kidogo, zilibaki nje ya mlango wa ruzuku. Mwaka mmoja baadaye, 1928, mkutano wa Mombasa ulichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi. Usanifishaji wa lugha na usanifishaji wa mwalimu vilikwenda bega kwa bega.

Katika mfumo uliokomaa kufikia miaka ya 1950, walimu waligawanywa katika Daraja la I na Daraja la II. Wa Daraja la II walichukuliwa baada ya darasa la nane, wakafunzwa miaka miwili na kupelekwa kufundisha madarasa ya chini kwa Kiswahili. Wa Daraja la I walichukuliwa baada ya darasa la kumi na kuandaliwa kwa madarasa ya juu, ambako Kiingereza kilitumika. Mshahara, heshima na nafasi ya kupanda vilifuata mgawanyo huo. Kwa maneno mengine, mpaka kati ya mwalimu na mwalimu ulikuwa pia mpaka kati ya lugha na lugha. Kijana wa Kisiba alijifunza Kiswahili kama lugha ya pili ili awe mwalimu, kisha akaambiwa kuwa lugha ya tatu ndiyo itakayomfanya mwalimu kamili.

4. Uhuru, Musoma na walimu wa UPE

Baada ya uhuru madaraja yalipewa herufi: A, B na C. Daraja C lilikuwa la waliomaliza elimu ya msingi, na Daraja A la waliomaliza kidato cha nne. Mwaka 1967, katika mwanga wa Azimio la Arusha na waraka wa Mwalimu Nyerere wa Elimu ya Kujitegemea, Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi. Mwaka 1971 Tanzania ilijitoa katika Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki, na Sheria Na. 21 ya mwaka 1973 ikaunda Baraza la Mitihani la Tanzania, ambalo lilipewa pia mitihani ya ualimu.

Mabadiliko makubwa ya sifa yalikuja na Azimio la Musoma la Novemba 1974, lililotaka watoto wote wa umri wa shule wawe darasani ifikapo Novemba 1977. Vyuo vilivyokuwapo havikuweza kutoa walimu wa kutosha. Uamuzi uliochukuliwa ulikuwa wa kijasiri: vijana waliomaliza darasa la saba walichaguliwa vijijini, wakafundisha sehemu ya siku, na muda uliobaki wakajifunza ualimu kwa masomo ya posta, vipindi vya redio na msaada wa waelimishaji waliowatembelea. Baada ya takriban miaka mitatu waliingia chuoni kwa muda mfupi, kisha wakafanya mtihani. Zaidi ya 30,000 walipata ualimu kwa njia hiyo.

Mitaani walibatizwa jina la "walimu wa UPE", na wenye maneno makali wakaifafanua kifupi hiyo kuwa "Ualimu Pasipo Elimu". Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Udhaifu wa walimu hao katika maarifa ya masomo ulikuwa wa kweli na serikali yenyewe ilitumia miaka mingi kuwaendeleza. Lakini kwa mwanahistoria wa lugha kipindi hicho kina jambo la pekee. Mtihani wa darasa la saba uliowapa sifa ulikuwa kwa Kiswahili, masomo ya posta na ya redio yalikuwa kwa Kiswahili, mtihani wa mwisho ulikuwa kwa Kiswahili, na darasa walilolifundisha lilikuwa la Kiswahili. Hicho ni kipindi ambacho kizingiti, mafunzo na kazi vilisema lugha moja.

5. Kidato cha nne kama mlango

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 ilifunga mlango huo. Iliweka kwamba sharti la chini la kuingia mafunzo ya cheti cha Daraja A ni Daraja la III katika mtihani wa kidato cha nne. Nia ilikuwa njema: mwalimu awe amesoma zaidi ya wale anaowafundisha. Hata hivyo, mtihani wa kidato cha nne hufanywa kwa Kiingereza katika karibu masomo yote isipokuwa Kiswahili, ilhali mafunzo ya Daraja A yalitolewa na kutahiniwa kwa Kiswahili, na shule za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili. Mwombaji alipimwa kwa Kiingereza ili aruhusiwe kusomea kwa Kiswahili kazi ya kufundisha kwa Kiswahili.

Hesabu yenyewe inaonyesha uzito wa jambo hili. Daraja hupatikana kwa kujumlisha pointi za masomo saba yaliyofanywa vizuri zaidi: A ni pointi 1, D ni 4, F ni 5. Daraja la III ni pointi 22 hadi 25. Mtahiniwa mwenye A ya Kiswahili na D katika masomo sita ana pointi 25, naye amepita. Mwenye A hiyohiyo, D tano na F moja ana pointi 26, naye amebaki nje. Kiswahili, lugha atakayoitumia kila siku darasani, kina nafasi moja kati ya saba. Nafasi sita zilizobaki huwa na maarifa ya masomo na umahiri wa Kiingereza vilivyochanganyika, na hati ya matokeo haionyeshi kilichomwangusha ni kipi. Kwa mwanafunzi aliyeanza na Kinyakyusa nyumbani na kukutana na Kiingereza cha masomo yote alipoingia kidato cha kwanza, swali hilo si dogo.

Wilaya ya Rungwe ina Chuo cha Ualimu Mpuguso na Chuo cha Ualimu Tukuyu. Chuo kuwa karibu, hata hivyo, hakukuufanya mlango wake kuwa mpana, maana masharti ya kuingia ni ya taifa zima.

Sera nayo haikudumu bila kupindwa. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) ulipoanza mwaka 2002, baada ya ada kufutwa, wanafunzi wa shule za msingi waliongezeka kutoka takriban milioni 4.4 mwaka 2000 hadi zaidi ya milioni 8 mwaka 2007. Wenye Daraja la III hawakutosha, na waombaji wa Daraja la IV waliokuwa karibu na mpaka wakapokewa. Mafunzo yakawa mwaka mmoja chuoni na mwaka mmoja shuleni. Shule za sekondari za kata zilipoenea, wahitimu wa kidato cha sita walipewa mafunzo ya wiki chache na kupelekwa darasani. Umma ukawaita "vodafasta", jina la vocha ya simu inayoongezwa upesi. Kama ilivyokuwa kwa UPE, lugha ya mitaani ilirekodi historia ambayo nyaraka rasmi ziliificha ndani ya maneno "mafunzo maalumu".

6. Kutoka cheti hadi usaili

Sheria ya Elimu Na. 25 ya mwaka 1978 ilikwisha kuweka kanuni kwamba afundishaye awe amesajiliwa au ana leseni. Sheria Na. 6 ya mwaka 2018 ilikwenda mbele zaidi kwa kuanzisha Bodi ya Kitaalamu ya Walimu Tanzania. Kisha, Januari 2025, waombaji wa kazi ya ualimu serikalini walianza kufanyiwa usaili na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Waombaji walizidi 200,000 kwa nafasi zilizozidi kidogo 14,000. Cheti cha ualimu, ambacho kwa vizazi kadhaa kilikuwa mwisho wa safari, kikawa ruhusa ya kuingia katika mtihani mwingine.

Istilahi zenyewe zinasimulia safari hiyo. Kuhitimu ni neno lenye asili ya Kiarabu linalohusu kumaliza, na lina undugu na hitima, kisomo cha kumalizia Kurani. Kufuzu ni kushinda. Usaili unatokana na kuuliza. Zamani aliyemaliza alikuwa mwalimu, baadaye aliyeshinda, sasa ni yule aliyeulizwa akajibu.

7. Hitimisho

Haifuati kutokana na maelezo haya kwamba viwango vishushwe. Uzoefu wa UPE na wa MMEM unaonyesha kwamba mlango uliofunguliwa kwa haraka huwagharimu watoto, na watoto wa vijijini ndio hulipa kwanza. Linalofuata ni dogo zaidi, lakini ni la msingi: kipimo cha sifa hakina budi kujua kinapima nini. Kama ni maarifa ya hesabu, yapimwe kwa lugha ambayo mpimwaji ataifundishia hesabu hiyo. Kama ni Kiingereza, kwa wale watakaofundisha Kiingereza, kipimwe peke yake na kwa jina lake. Na umahiri wa Kiswahili, ambao ndio chombo cha kazi cha mwalimu wa shule ya msingi, ustahili kuwa sharti linalosimama lenyewe, badala ya kuwa pointi moja iliyozama katika jumla ya masomo saba.

Wanaisimu wa Kiswahili wamefanya kazi kubwa katika mjadala wa lugha ya kufundishia. Lugha ya kumchagua afundishaye haijapewa uzito huohuo. Hadi itakapochunguzwa, kijana wa Kisiba anayeambiwa hana sifa hataweza kujua kama alichokosa ni ualimu, au ni lugha ambayo ualimu wake usingeihitaji.