Je, ubora wa diski za filamu umefikia kikomo?

DVD ilipozinduliwa nchini Japani mwaka wa 1996, picha yake katika mfumo wa PAL, uliotumiwa pia Kenya, ilikuwa na nukta 720 kwa 576. Blu-ray ya mwaka wa 2006 ilifikisha nukta 1920 kwa 1080, nayo Ultra HD Blu-ray ya 2016 ikafikia 3840 kwa 2160. Siri ni leza. Mwale wa buluu-zambarau husoma alama ndogo kuliko ule mwekundu wa DVD, hivyo diski yenye kipenyo kile kile cha sentimita 12 ikabeba gigabaiti 25 kwa tabaka badala ya 4.7.

Hata hivyo, diski haiwezi kutoa kisichokuwemo katika nakala asilia. Filamu kongwe iliyopigwa kwa utepe wa milimita 35 hunufaika ikinakiliwa upya. Lakini Star Wars: Episode II, ya 2002, ilirekodiwa kwa kamera za dijitali za nukta 1920 kwa 1080, kuikuza hakuzalishi nukta za kweli.

Sauti ilifika ukingoni mapema, kwani Blu-ray huweza kuihifadhi bila kupoteza chochote cha studio. Kilichosalia ni kuongeza spika, hata darini, na hilo ni suala la ukubwa wa sebule.

Rangi na mwangaza ndivyo vingali na nafasi. Kizuizi kikubwa ni soko: mnamo 2019 Samsung ilitangaza kutoleta tena vichezeo vipya vya Blu-ray nchini Marekani. Watazamaji wanahamia intaneti, ambako filamu iyo hiyo hubanwa zaidi ili ipite, na giza la usiku huonekana mabakamabaka.