Ndege, Sala na Nyakati za Sala katika Kurani

Jogoo akiwika katika shairi la Kiswahili, mhakiki hukimbilia Kurani. Mara si haba tumekutana, katika tasnifu za wanafunzi wetu, na tanbihi inayosema kuwa sauti ya jogoo ni ishara ya Kikurani ya wakati wa sala, na hapo uchunguzi ukakoma. Tanbihi ya aina hii ina kasoro moja kubwa: jogoo hatajwi katika Kurani hata mara moja. Miongoni mwa wanaotajwa ni ndege kwa jumla, kunguru aliyemwonyesha mwana wa Adamu namna ya kumsitiri maiti wa nduguye, hudihudi wa Nabii Sulaiman, na makundi ya ndege yaliyowashukia watu wa tembo. Kati ya hao hakuna aliyepewa kazi ya kumwamsha mtu alfajiri.

Je, ndege ana uhusiano gani na sala katika Kurani, na uhusiano wake na wakati wa sala ulizuka wapi? Makala haya yanadai kwamba maswali hayo mawili yana historia mbili tofauti. Kuzichanganya historia hizo kunaipunja aya ya Kurani jambo lake zito zaidi, nalo ni kwamba ndege anasali sala yake mwenyewe.

Hatuna budi kuanzia kabla ya Uislamu. Waarabu wa zama zile walikuwa na ada ya kutazama ndege ili kujua bahati ya safari au ya vita. Ndege alishtuliwa, akatazamwa ameruka upande gani, kisha mtu akaendelea na shauri lake au akalivunja. Kutokana na ada hiyo neno la Kiarabu la ndege, yaani *tair*, lilibeba pia maana ya fali na kisirani. Msomaji wa Kiswahili halioni jambo hili kuwa geni, kwani lugha yetu nayo husema mtu amepata ndege njema au ndege mbaya, wala haikusudii kiumbe mwenye mbawa. Kurani inalichukua neno hilo na kuligeuza dhidi ya wenyewe. Kaumu ya Thamud wanapomlaumu Nabii Saleh kuwa ndiye aliyewaletea nuhusi, wanajibiwa kwamba "ndege" wao yuko kwa Mungu (An-Naml, 47). Jibu lenye muundo huohuo linawahusu watu wa Firauni (Al-Aaraf, 131) na watu wa mji waliowakataa wajumbe (Yasin, 19). Katika Sura ya Al-Israa, aya ya 13, "ndege" wa kila mwanadamu amefungwa shingoni mwake mwenyewe. Hivyo ndege wa angani anavuliwa dhima ya kumpigia binadamu ramli.

Kitu gani basi kinajaza pengo hilo? Jibu linapatikana katika Sura ya An-Nur, aya ya 41. Aya yasema kwamba vyote vilivyomo mbinguni na ardhini vinamsabihi Mungu, kisha inawateua ndege wakiwa wamekunjua mbawa zao, na kutamka kwamba kila mmoja amekwisha kuijua sala yake na tasbihi yake. Neno linaloeleza hali ya ndege hao, *saffat*, latoka katika shina moja na neno tulilolitwaa sisi kuwa "safu", ambalo ndilo hutumika kwa waumini wanaposimama msikitini. Hatutaki kulivuta neno hilo kupita kiasi. Hata hivyo, katika aya inayotaja sala waziwazi, ni vigumu kuamini kwamba msikilizaji wa kwanza hakuusikia mwangwi huo.

Wafasiri walitaabika na aya hii. Mujahid, mwanafunzi wa Ibn Abbas, ambaye rai yake imehifadhiwa na At-Tabari (aliyefariki mwaka wa 923), aliigawa: sala ni ya binadamu, tasbihi ni ya viumbe wengine. Mgawo huu unaondoa tatizo, lakini pia unaiondolea aya ujasiri wake, maadam ndege ndio waliotajwa karibu zaidi na neno sala. Az-Zamakhshari (aliyefariki mwaka wa 1144), mtaalamu wa nahau kuliko wengi, aliona utata mwingine. Ni nani aliyejua? Nafsi iliyofichika katika kitenzi cha Kiarabu yaweza kurejea kwa kila kiumbe, ikawa ndege anaijua sala yake; yaweza pia kurejea kwa Mungu, ikawa Mungu anaijua sala ya ndege. Yeye aliziruhusu njia zote mbili.

Hapa Kiswahili kina bahati ambayo lugha nyingine hazina. Kiambishi cha nafsi a- chamfaa Mwenyezi Mungu na chamfaa ndege vilevile, kwa kuwa ndege ni kiumbe hai na huchukua upatanisho wa mtu. Tukisema "kila mmoja, ameijua sala yake", utata wa Az-Zamakhshari unabaki mzima. Mfasiri wa Kiingereza, kwa mfano, hana budi kuchagua kiwakilishi kimoja kwa Mungu na kingine kwa ndege, na akishachagua, mlango mmoja umefungwa.

Tugeukie sasa suala la wakati. Kurani inapotaja nyakati za sala, kipimo chake ni jua na giza: kupinduka kwa jua na kuingia kwa usiku (Al-Israa, 78), ncha mbili za mchana na sehemu za usiku (Hud, 114). Ndege hayumo. Pahali pekee panapomkaribia ni Sura ya Sad, aya ya 18 na ya 19, katika kisa cha Nabii Daudi. Milima ilitiishwa isabihi pamoja naye jioni na wakati wa kuchomoza jua, na ndege nao wakakusanywa. Imepokewa kwamba Ibn Abbas alikuwa akiipita aya ya 18 bila kuielewa, mpaka alipopata habari kwa Umm Hani kuwa Mtume (S.A.W.) alisali Sala ya Dhuha nyumbani kwake mwaka wa kutekwa Makka, yaani 630. Ndipo alipoiona sala hiyo ndani ya aya. Lakini mtu akiisoma kwa makini ataona kuwa nyakati hizo mbili zimefungamanishwa na milima. Ndege wanaingia katika aya inayofuata, nao wameelezwa kwa kukusanyika tu. Kuwapa saa ileile ya milima ni hitimisho la msomaji, hitimisho la busara pengine, ila si tamko la matini. Kwingineko ambako ndege wanasabihi na Daudi, yaani Al-Anbiyaa, 79 na Saba, 10, wakati hautajwi kabisa.

Ndege anayemfikisha msomaji kwenye tendo lenyewe la ibada ni hudihudi. Katika Sura ya An-Naml anakosekana jeshini, Sulaiman anaapa kumwadhibu, naye anarudi na habari za Saba: malkia na watu wake wanalisujudia jua. Hebu tulitafakari hilo. Jua, ambalo kwa mwendo wake nyakati za sala hupimwa, limegeuzwa kuwa linalosaliwa, na anayeukemea upotofu huo ni ndege. Maneno yake yanaishia katika aya ya 25 na ya 26, na hapo msomaji wa Kurani huacha kusoma akasujudu, kwani ni mojawapo ya mahali pa sijida ya kisomo. Baadhi ya wafasiri waliuliza kama maneno hayo ni ya hudihudi bado au ni ya Mungu. Al-Kisai, mmoja wa wasomaji saba mashuhuri (aliyefariki mwaka wa 805), aliisoma aya ya 25 kwa namna inayoifanya kuwa amri ya moja kwa moja: enyi, sujuduni! Katika usomaji huo, ndege ameita na binadamu ameitika, bila ya saa wala kipindi maalumu. Wakati wa sijida hiyo ni pale kisomo kilipofika.

Jogoo naye ana nasaba nyingine, nayo ni hadithi. Al-Bukhari na Muslim wamepokea agizo la kuomba fadhila za Mungu mtu asikiapo jogoo, kwa kuwa amemwona malaika. Abu Daud amepokea katazo la kumtukana, kwa sababu huamsha watu kwa ajili ya sala. Al-Jahiz wa Basra, katika *Kitabu cha Wanyama* cha karne ya tisa, alistaajabia jinsi jogoo anavyozigawa saa za usiku, usiku uwe mrefu au mfupi. Baadaye wanasheria wa madhehebu ya Shafii waliingia uwanjani. Ad-Damiri wa Misri (aliyefariki mwaka wa 1405) anawataja Al-Kadhi Husain, Al-Mutawalli na Ar-Rafii kuwa waliruhusu kumtegemea jogoo katika nyakati za sala.

Kwa kuwa madhehebu hayo ndiyo yaliyoenea katika pwani yetu, na kwa kuwa Mswahili alizigawa saa za mwisho wa usiku kwa jogoo la kwanza na jogoo la pili, yamkini mshairi wa Lamu au Mombasa anayemtaja jogoo anazungumza kutoka katika fikihi na katika maisha ya nyumbani kwake, si kutoka katika sura yoyote ya Kurani. Mhakiki anayetaka kuitafuta Kurani katika shairi kama hilo na awatafute ndege wenye mbawa zilizokunjuliwa.

Wanasheria hao, hata hivyo, waliweka sharti: jogoo awe amejaribiwa. Mtu alipaswa kwanza kumsikiliza jogoo wake siku baada ya siku, huku akitoka nje kuitazama alfajiri kwa macho yake, mpaka aridhike kwamba ndege hakosei.