Mkaa Ukutani



Hapa Mkwajuni mkaa tunaujua jikoni na kwa mhunzi. Juma hili tuutazame katika Ngome ya Yesu mjini Mombasa, ambako uliacha habari ukutani.

Wareno walianza kuijenga ngome hiyo mwaka 1593, kwa ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati. Mwaka 1631 Sultani Yusuf bin Hasan, aliyelelewa na Waagustino kule Goa, aliasi na kumwua kapteni wa ngome; Wakristo wengi waliokataa kuikana imani wakauawa. Mwaka 1698, baada ya mazingiwa ya karibu miaka mitatu, Waomani wakaiteka. Hayo yamo vitabuni. Lakini katika buruji moja askari wa Kireno walichora ukutani kwa mkaa na udongo mwekundu: merikebu, watu, majengo. Majina yao hatunayo. Hawakuwa mafundi, na mistari yao yayumba; hata hivyo twaona humo jambo ambalo taarifa za makapteni hazisemi, yaani uzito wa kungoja, siku baada ya siku, mbali na kwao.

Mkaa una tabia yake. Ukikandamizwa hutoa weusi wa kivuli cha mlangoni. Ukipanguswa kwa kidole huwa kama moshi uliogandamana ukutani. (Ni ndugu wa majivu tunayopakwa Jumatano ya Majivu.) Picha ya simu hunasa jengo zima mara moja, nasi hatuidharau. Mchoraji, kwa upande wake, hulazimika kukaa saa nzima mbele ya ufa mmoja, hata aulize umetokana na nini.

Twayasema haya kwa kuwa kikanisa cha zamani cha kigango chetu kimoja kitabomolewa, kipishe kikubwa zaidi. Uamuzi ni wa haki: boriti zimeliwa na mchwa, na nusu ya waamini husali nje. Lakini kati ya waliofyatua matofali yake wamebaki wazee wawili tu.

Tumewaomba mafundi wasubiri majuma mawili. Vijana wa VIWAWA wafike Jumamosi asubuhi na karatasi na vijiti vyembamba vya mkaa. Wazee wale wataketi karibu nao, waeleze nani alijenga ukuta upi. Waanze na dirisha la mashariki. Ufa wake umekwisha kufika kwenye linta.