Kampuni ya Ndizi Iliyopindua Serikali

Ndugu msikilizaji, kwetu ndizi ni chakula tu. Mkungu ukizidi mahitaji ya nyumbani, unapelekwa sokoni na mambo yanaishia hapo. Lakini iko nchi ambako ndizi ilipata kuwa na nguvu kuliko rais aliyechaguliwa na wananchi. Nchi hiyo ni Guatemala, Amerika ya Kati.

Katika miaka ya 1930 Guatemala ilikuwa mikononi mwa dikteta, Jenerali Jorge Ubico. Mwaka 1936 serikali yake ilitiliana saini na kampuni ya Kimarekani ya United Fruit mkataba wa miaka 99, wenye misamaha minono ya kodi. Kampuni ilikuwa na mashamba makubwa, ikatawala reli, ikashika pia Puerto Barrios, bandari ya upande wa Atlantiki. Wananchi waliiita pweza, maana hapakuwa na mahali ambapo mkono wake haukufika.

Mwaka 1944 wananchi walichoka. Walimu, wanafunzi na maofisa vijana wa jeshi waliuangusha utawala huo wa kidikteta. Uchaguzi ukafanyika na mwalimu, Juan José Arévalo, akawa rais mwaka 1945. Mwaka 1951 alimkabidhi madaraka Jacobo Árbenz, aliyeshinda kwa kura. Kwa nchi ile, rais kumpisha rais mwenzake kwa amani lilikuwa jambo geni.

Tatizo kubwa lilikuwa ardhi. Asilimia 2 tu ya wamiliki walishikilia zaidi ya asilimia 70 ya ardhi ya kilimo, na sehemu kubwa ilikaa bure. Juni 1952 ikapitishwa sheria ya kugawa ardhi isiyolimwa katika mashamba makubwa. Familia zipatazo 100,000 zilipata pa kulima. Wenye mashamba waliahidiwa fidia kwa thamani waliyoitaja wenyewe walipolipa kodi.

Hapo ndipo mwenye hila alipokwama. Kwa miaka mingi United Fruit iliitaja ardhi yake kwa bei ya kutupa ili ilipe kodi kidogo. Serikali ikaipa hesabu ile ile: dola zipatazo 627,000. Aprili 1954 Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ilidai zaidi ya dola milioni 15 kwa niaba ya kampuni. Yaani ardhi ni rahisi siku ya kodi, ghali siku ya fidia!

Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani wakati huo alikuwa John Foster Dulles, na mdogo wake Allen aliongoza shirika la ujasusi, CIA. Ndugu hao wote wawili walitoka katika ofisi ya mawakili iliyowahi kuihudumia kampuni hiyo. Ni kweli kwamba hofu ya ukomunisti ilikuwapo Washington, na Árbenz alikuwa na marafiki wakomunisti. Lakini kampuni ilijua kuichochea hofu hiyo. Iliajiri mtaalamu wa propaganda, Edward Bernays, na waandishi wa habari wakapelekwa Guatemala kwa safari zilizolipiwa.

Mimi mtu wa redio, sehemu inayofuata inaniuma zaidi. Mei 1, 1954 ilianza kusikika redio iliyojiita Sauti ya Ukombozi. Ilidai inatangaza kutoka msituni ndani ya Guatemala. Ulikuwa uongo. Ilikuwa redio ya CIA, na kazi yake ilikuwa kuwatia wananchi hofu. Juni 18 Kanali Carlos Castillo Armas alivuka mpaka kutoka Honduras na watu wasiofika 500. Redio ikawafanya waonekane maelfu. Makamanda wa jeshi, kwa kuiogopa Marekani, walikataa kupigana. Juni 27 Árbenz akajiuzulu.

Castillo Armas aliwarudisha mabwanyenye kwenye mashamba yao na kuwanyang'anya haki ya kupiga kura wasiojua kusoma, ambao ndio waliokuwa wengi. Mwaka 1960 vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaanza, vikadumu hadi 1996. Tume iliyotoa taarifa mwaka 1999 ilikadiria kuwa zaidi ya watu 200,000 waliuawa au kupotea, wengi wao Wamaya.

Ndugu msikilizaji, pweza yule asingeweza peke yake. Alihitaji waziri mwenye uhusiano wa zamani, mwandishi mwenye kupenda safari za bure na mwanajeshi aliyesahau kiapo chake. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.

Lakini historia haikuishia hapo. Agosti 2023 wananchi wa Guatemala walimchagua Bernardo Arévalo, mtoto wa yule yule rais mwalimu. Ofisi ya mwendesha mashtaka mkuu ilijaribu kuuharibu ushindi wake. Safari hii watu hawakukaa majumbani kusikiliza redio. Wakiongozwa na viongozi wa jadi wa wenyeji, walifunga barabara na kukesha nje ya ofisi hiyo kwa zaidi ya siku 100. Januari 2024 Arévalo akaapishwa, usiku wa manane, baada ya bunge kuchelewesha sherehe kwa saa nyingi.

Mwaka 1954 kura iliachwa bila mlinzi. Miaka 70 baadaye, wapiga kura wenyewe waliilinda.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.