Papasi na Njia za Misafara

Kupe wa ng'ombe twamwona: hushika ngozi, huvimba, akakaa papo siku kadhaa. Papasi si hivyo. Mchana hujificha katika vumbi la sakafu na nyufa za kiambaza. Usiku hutoka, hunyonya damu ya mtu aliyelala, kisha hurudi mafichoni kabla ya mapambazuko. Tena ana subira ya ajabu, kwani aweza kukaa miaka bila kula. Kwa hiyo nyumba iliyohamwa zamani si mahali pa salama pa kulaza mgeni.

Katika siku za misafara wapagazi walilala katika vibanda vya kando ya njia, leo kundi hili, kesho jingine, wote juu ya vumbi lile lile. Na papasi wakachukuliwa ndani ya mikeka na mizigo toka kambi hata kambi. Livingstone alieleza uchungu wa kuumwa naye huko Angola, katika kitabu chake cha mwaka 1857. Lakini jinsi mdudu huyu aletavyo homa haikujulikana bado.

Mwaka 1904 Ross na Milne, waganga wa Kizungu huko Uganda, waliona katika damu ya wagonjwa kijidudu chembamba kilichojipinda kama uzi uliosokotwa. Wakati ule ule Dutton na Todd, waliotumwa Kongo na chuo cha maradhi cha Liverpool, waliwaacha papasi wawaume kima, na kima wakashikwa na homa. Wao wenyewe pia waliugua. Dutton alifariki Kasongo tarehe 27 Februari 1905, naye alikuwa bado kijana. Kasongo ndio mji ule wa Manyema uliokuwa kituo kikubwa cha misafara ya Waswahili. Kijidudu kile chaitwa kwa jina lake hata leo.

Mwaka ule ule wa 1905 Robert Koch alikuja nchi hii, iliyokuwa chini ya Wadachi, akawapasua papasi wa vibanda vya njiani. Akakiona kijidudu hata ndani ya mayai yao. Yaani papasi huwarithisha watoto wake ugonjwa. Akawashauri wasafiri wapige hema mbali na vibanda vile. Aliona pia ya kuwa wageni huugua sana kuliko wenyeji, ambao huipata homa tangu utoto wakazoea.

Hapa twaomba msomaji asijivune upesi. Mazoea hayo hayamlindi mama mwenye mimba, ambaye homa hii humtoa mimba. Wala mtoto mchanga, ambaye aweza kufa nayo. Homa yenyewe ni ya hila: huwaka siku chache, huondoka, mgonjwa akashika jembe lake akidhani amepona, kisha humrudia. Wengi huidhania kuwa malaria, na dawa ya malaria haiiponyi. Damu ikipimwa kwa hadubini, kijidudu huonekana, na dawa kama penisilini hukiua.

Upande wa Dodoma, penye tembe za udongo, homa hii iliendelea kuwatesa watu miaka mingi baada ya misafara kwisha. Imepungua palipojengwa nyumba za matofali na sakafu ya saruji, maana papasi hakosi chakula huko, hukosa ufa wa kujificha. Asiye na saruji huziba nyufa kwa udongo, na kitanda chake hukiweka mbali na ukuta.