Nyasi Zilizolea Kibanja



Wengi wetu tulizaliwa kabla saruji haijafika kijijini. Ndani ya mushonge, nyumba ya duara iliyoezekwa kwa nyasi hadi chini, sakafu ilitandikwa nyasi na mgeni alikaa juu yake. Zilizopendwa zaidi ni za muteete, jamii moja na mchaichai: ukizikanyaga zinanukia nyumba nzima. Kukiwa na harusi au ugeni mkubwa, mama zetu walikwenda rweya mapema kukata mzigo mpya.

Nyasi hizo hazikuishia sakafuni. Zikichakaa zilizolewa, zikapelekwa kibanjani kufunika mashina ya migomba na mibuni. Udongo wa rweya ni hafifu, maana mvua nyingi za Bukoba huosha rutuba yake. Kibanja kilistawi kwa sababu vizazi kwa vizazi vilibeba nyasi kutoka huko, vikachanganya na samadi, vikarundika karibu na nyumba. Kibanja ulichorithi ni rweya iliyohamishwa kichwani, mzigo baada ya mzigo.

Fedha ya kahawa ya miaka ya 1950 ilileta mabati, kisha saruji. Hatulaumu, paa la nyasi huvuja, na moto hauliachi. Lakini nyasi zilipotoka nyumbani, zilipungua na kibanjani pia. Rweya nyingi sasa zimepandwa mikaratusi. Mnyauko wa migomba ulipoingia mkoani mwaka 2006, ulikuta migomba mingi imekwisha kuchoka.

Muteete haudai mengi. Gawanya shina la zamani, panda vipande mvua zinapoanza, hatua moja kati ya shina na shina. Wakati wa kukata, acha kimo cha kiganja, nao utachipua tena. Ukikomaa ng'ombe huukwepa, na mizizi yake hushika udongo wa mteremko.

Kwa hiyo, katika michango ya mwaka huu, tunaomba fungu dogo litengwe kwa kitalu cha muteete karibu na shule, watoto wetu wakitunze, na kila kaya ipate mashina ya kuanzia.

Hatumwombi mtu arudi kuishi kwenye mushonge. Tunaomba tu kwamba kibanja alichoachiwa na babu, naye amwachie mjukuu kikiwa hai.